Zilikokwenda Kilo Nane

Kila Jumamosi asubuhi wifi yangu alipanda ngazi hadi kwetu ghorofani akiwa amebana mizani kwapani. Ilikuwa mizani ya bafuni, ile bapa ya kioo, na hakuiacha kwetu hata siku moja. Alisema nyumba yetu ina unyevu, itaharibika. Mimi sababu nilikuwa naijua. Mtu unayemshuku huwezi kumwachia ushahidi alale nao wiki nzima.

Salamu zake zilikuwa za mtu anayepita njia. "Hamjambo hapa?" Kabla sijajibu alikuwa ameshaiweka mizani kati ya meza na mlango, mahali pekee ambapo sakafu yetu iko sawa, ameigusa kwa kidole cha mguu mpaka ikaandika sifuri, na amekunja mikono kifuani.

"Haya, mlete."

Wa kuletwa alikuwa Baba, yaani baba yao, baba mkwe wangu. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, kisha kiharusi kikamwangusha, kikamnyang'anya mguu na mkono wa kulia na kumwachia ulimi mzito unaotoa maneno mojamoja, kama mtu anayeokota mchele sakafuni. Kusimama peke yake hakuweza. Kwa hiyo nilichuchumaa kando ya kitanda, akanizungushia shingoni mkono wake mzima, nikampakia mgongoni, nikajikaza kisabuni, nikasimama. Nilitembea naye nikishika ukuta hadi sebuleni, nikapanda juu ya mizani, nikatulia tuli. Kusoma ilikuwa kazi ya wifi, maana mimi na mzigo wangu, ningeinama tu, tungekwenda chini wote wawili.

"Mia na kumi na nne," alisema Jumamosi hiyo ninayoisimulia. Akafumba jicho moja, akatoa uzito wangu kichwani, akalifumbua. "Arobaini na nne. Baba ameshuka tena."

"Baba anakula, wifi."

"Alipokuja hapa alikuwa hamsini na mbili. Kilo nane, wifi! Kilo nane si nywele kwamba zimeanguka zikafagiwa."

Namba ilikuwa pale chini ya miguu yangu, imeandikwa wazi kwa taa nyekundu.

Lazima nimweleze wifi yangu vizuri, nisije nikamwonea. Yeye ni msimamizi kwenye mizani ya malori, pale malori yanapolazimishwa kupita kabla ya kuingia barabara kuu. Lori likipanda na mzigo anaangalia namba, anatoa uzito wa lori lenyewe ulioandikwa kwa rangi nyeupe mlangoni, kinachobaki ndicho mzigo. Madereva wanamwogopa. Wanamwita Mama Kilo, na jina hilo wala halimkeri. Mimi alinipima siku ile ya kwanza, Baba alipoletwa, nikatoka sabini, akacheka akasema, "Wifi, kaka yangu anakulisha." Sabini hiyo haikumtoka tena kichwani. Hajawahi kukosea hesabu maishani mwake, na hilo nalijua kwa sababu ameniambia mwenyewe, si mara moja.

Sasa kilo nane hizo zilikuwa zimefunga mlango. Kuna kituo cha mazoezi karibu na anakokaa wifi, kinachopokea watu waliopigwa na kiharusi na kuwafundisha kusimama upya. Vitanda ni vichache, foleni ni ndefu, na daktari wao ana sharti ambalo halegezi kwa mtu yeyote: mgonjwa asiwe ameshuka uzito bila kuurudisha. Aliyeshuka asirudi, anasema, ana ugonjwa mwingine ndani, akatibiwe huo kwanza. Kitanda cha Baba kilishapatikana mara moja, wifi akawajibu kwa uaminifu kwamba mzee anashuka, wakampa mtu mwingine. Sasa kilikuwa kimepatikana cha pili.

"Jibu wanalitaka Jumatatu, si hii, ile inayofuata," wifi aliniambia huku akiipangusa mizani kwa leso. "Jumamosi nikikuta bado yuko huku chini, nawaambia hapana. Na sidhani kama watatupigia tena."

Baba alikuwa ameshalala, au alijifanya amelala. Hakuna aliyesema kwamba siku anayoingia kituoni ndiyo siku ninayotoka mimi. Halikuhitaji kusemwa.

Mimi ni fundi vioo. Nakata, nasaga kingo, natoboa, natia fremu. Baba alipougua, familia ilikaa, wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Mume wangu yuko kambini mbali, wanajenga barabara, anakuja na kuondoka kama mgeni wa heshima. Wifi ana malori yake. "Wewe vioo vitakusubiri," walisema. "Vioo havina haraka. Ni wiki chache tu." Bosi wangu wa karakanani alinipigia simu mpaka akachoka. Mara ya mwisho aliniambia meza yangu bado ipo, ila hawezi kuiwekea mlinzi.

Mwanzoni nilikuwa nateremka dukani. Siku moja nilikwenda kununua chumvi, nikarudi nikamkuta Baba sakafuni, shavu limelala kwenye vigae, anatazama chini ya kitanda na kunisubiri. Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kumjibu. Tangu hapo nilikuwa nikiteremsha kikapu kwa kamba kutoka kibarazani, mwenye duka akaweka vitu, nikavuta. Dunia yangu ikawa vyumba viwili, jiko, na kibaraza cha kuanikia nguo. Jirani wa chini alikuwa akiniona napokea kikapu, anapiga kelele kutoka dirishani kwake: "Dada, siku hizi umependeza! Unafanya mazoezi?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Nanyanyua mwalimu."

Tulicheka. Nikarudi ndani kumgeuza.

Kumgeuza, kumkalisha, kumpeleka chooni, kumrudisha, kumwogesha, kumpandisha kitini, kumshusha. Nilikula nikiwa nimesimama, tena kilichobaki. Sketi zangu zote lastiki zilichoka kwa mpigo, nikazibana kwa pini. Pete ya ndoa ilinichomoka kwenye maji ya vyombo, nikaizungushia uzi kwa ndani ibane, nikailaumu sabuni. Kujiangalia sikuwa najiangalia. Kioo kikubwa cha kabati letu nilikuwa nimekifungua kwa bisibisi na kukifunga kwenye dirisha la Baba kwa pembe, ili akiwa amelala aione barabara yote mpaka kwenye kona. Ilikuwa kazi safi, kazi pekee ya ufundi niliyoifanya mwaka huo. Fundi vioo mzima, na nyumbani kwake kioo kimoja, nacho kinaangalia magari.

Siku iliyofuata, Jumapili, niliamua vita ni vita. Mayai, maharage, maziwa, ndizi, karanga za kusaga kwenye uji. Yai langu nilimwekea yeye. Asubuhi hiyo niliweka chai yake mezani, nikaisahau nikibadilisha shuka. Alipoionja alikunja uso.

"Nyepesi."

"Majani nimetia mengi, Baba."

"Si majani. Imepoa. Chai ya moto... nzito. Ikipoa... uzito unapungua."

Nilimtazama. Nilidhani kiharusi cha pili kimebisha hodi. Akaona ninavyomtazama, akacheka kwa ule upande wa mdomo unaomtii. Kisha akanieleza, mimi nikiwa nimemshikia kikombe, na alichukua muda ambao nguo zingekauka. Joto ni nishati, alisema, na nishati popote inapokaa ina uzito wake. Chai inapopoa joto linatoka, na halitoki mikono mitupu. Simu iliyojaa chaji ni nzito kuliko simu iliyozima. Saa ya ukutani ikitoka kutiwa ufunguo ni nzito kuliko inaposimama. Darasani neno lenyewe ni tungamo, akasema, lakini mimi niseme uzito, hatutagombana.

"Nzito kwa kiasi gani?"

"Kidogo. Mizani ya kuona hicho... haijatengenezwa."

"Sasa mtu akijua, inamsaidia nini?"

Alifikiri. "Anajua kwamba kinachotoa... kinapungua. Hata kama mizani haioni."

Nikampashia chai yake, nikamrudishia na uzito wake wote, tukamaliza ubishi.

Sikupenda fizikia shuleni na sikuanza kuipenda wiki ile. Lakini mtu ukifungiwa ndani na mwalimu utafundishwa tu, upende usipende. Katikati ya wiki alinionyesha kioo cha dirishani kwa kidevu.

"Unaweza kutengeneza sanduku? Vioo... ndani. Pande zote."

"Naweza. La kuwekea nini?"

"Mwanga."

Nikaketi kitandani, kwa sababu hapo alinigusa kwenye ufundi wangu. Sanduku la vioo sita vinavyotazamana ndani, kingo zimesagwa zikakutana bila upenyo, naweza kulitengeneza nimefumba macho. Nilimwambia hivyo. Akasema mwanga ukiwa njiani hauna uzito wa kuuweka kwenye mizani, unapita tu na zake. Lakini ukiuingiza kwenye sanduku kama hilo, ukafunga, ukadunda huku ukadunda kule bila kupata pa kutokea, sanduku litakuwa zito zaidi kuliko lilipokuwa giza.

"Kwa sababu ya mwanga?"

"Kwa sababu... umefungiwa."

Akaendelea, jasho likimtoka kwa juhudi ya kusema. Hata mifupa yetu, alisema, hata jiwe, hata kijiko hiki. Ukichungulia ndani kabisa, sehemu kubwa ya uzito wake ni vitu vidogo sana vinavyohangaika bila kupumzika, na vimeshikwa visitoke. Uzito ni huko kuhangaika kwenyewe.

"Basi Baba, mimi na wewe tuna tani," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua akae, nikampiga mgongo. Kicheko kikageuka machozi. Tangu augue machozi yake yako karibu, hayasubiri ruhusa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Wewe umekosa nini? Nyamaza, utapaliwa."

Nilimfuta uso, nikaenda jikoni nikasimama nimeshika beseni la kuoshea vyombo kwa mikono miwili. Nilimpenda mzee yule na nilikuwa nimemchoka, yote mawili kwa pamoja, na sitaki kumdanganya mtu kwamba moja lilikuwa dogo. Kuna asubuhi niliamka nikatamani angelala tu. Halafu nilisikia kijiko chake kikigonga kikombe, ndiyo kengele yake ya kuniita, nikakimbia.

Ijumaa jioni alimaliza sahani, akaipangusa kwa kipande cha mkate, akaniita nikae. Nilimwona kwamba ana jambo. Alikuwa na sura ya mwalimu aliyeshika karatasi ya mtihani yenye jibu la ajabu.

"Kilo nane," alisema. "Zimekwenda wapi?"

"Zimeyeyuka, Baba. Ugonjwa."

"Haziyeyuki." Akaupiga mkanda wake kwa kiganja cha kushoto. Nieleze kuhusu huo mkanda: kila asubuhi lazima nimvalishe suruali na mkanda, hata kama haendi popote. Anasema mwalimu hafundishi akiwa na pajama. "Tundu. Angalia."

Niliangalia. Mkanda ulikuwa kwenye tundu lilelile lililochakaa, lile alilolitumia tangu nimfahamu.

"Mtu akikonda," alisema, "nyama inatoka... kwa pumzi. Jasho. Choo. Inatoka nje, haipotei. Haigeuki nguvu tupu. Ingegeuka..." Akainua kidole kimoja. "Kilo nane. Zidisha kwa kasi ya mwanga. Halafu... zidisha tena kwa kasi ya mwanga."

"Inatoka ngapi?"

"Mji huu haupo. Na mji wa jirani... haupo."

Nilitega sikio. Chini, mwenye duka alikuwa anafunga milango ya bati na kugombana na mkewe. "Bado tupo, Baba."

"Tupo. Kwa hiyo hazijalipuka. Na mkanda wangu... uko palepale." Akafumba macho. "Kosa liko... kwenye swali."

Nilisubiri aendelee, lakini alikuwa amechoka, maneno yalikuwa yamemwishia. Nikamvua mkanda, nikaukunja, nikauweka kwenye kiti. Kusema kweli sikuona chochote. Nilichofikiria mimi ni kesho, na namba nyekundu. Kipande cha mkate nilichokuwa nimejiwekea nikakirudisha kabatini.

Wifi alifika akiwa amevaa vizuri, kana kwamba anakwenda msibani au mahakamani. Aliiweka mizani, akaigusa, akakunja mikono.

"Haya, mlete."

Nilimpakia Baba. Njiani niliegemea ukuta kidogo. Nikapanda. Nikatulia. Wifi akainama, akakaa hapo chini kwa muda mrefu kuliko kawaida, na aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu. Sitamnyima hilo. Alikuwa anampenda baba yake.

"Mia na kumi na nne," alisema. "Arobaini na nne ileile. Wiki nzima, wifi! Hata chembe haijaongezeka!"

"Nimemlisha mpaka..."

"Nikuulize jambo, na tusifichane." Alinisogelea. "Chakula cha baba yangu kinaliwa na nani?"

Damu ilinichemka. Nimetukanwa maishani, nimetukanwa na wateja waliovunja vioo wenyewe wakadai niliwauzia vibovu, lakini hilo lilinichoma mahali sikujua bado pana nyama. Nikiwa nimembeba baba yake mgongoni, mikono yangu imeshika mapaja yake, pini ya sketi inanichoma kiunoni, nilimwambia ahamie hapa yeye. Nilimwambia aje ateremshe kikapu kwa kamba. Nilimwambia malori yake yana bahati, yanapita kwenye mizani mara moja na kwenda zao, hayaulizwi yamekula nini. Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka kelele za dirisha la chini zikanyamaza kutusikiliza. Nikataka kushuka.

"Usishuke."

Sauti ilitoka sikioni mwangu. Kidevu cha Baba kilikuwa begani kwangu, na pumzi yake ilinipiga shavuni.

"Baba, wewe pumzika," wifi alisema. "Haya ni ya kwetu."

"Mia na kumi na nne," Baba akasema. "Umetoa... nini?"

Sijui alimfundisha darasa la ngapi, ila wifi yangu, Mama Kilo mwenyewe, alishusha mikono ubavuni na kusimama wima.

"Sabini."

"Sabini... ni nini?"

"Uzito wake wifi."

"Wa lini?"

Wifi alifungua mdomo. "Wa siku ile ya kwanza. Nilimpima mwenyewe."

"Halafu... ukampima tena lini?"

Namwona mpaka leo: macho yake yalitoka usoni kwangu, yakateremka shingoni, yakafika kwenye pini iliyokunja kitambaa cha sketi mara mbili, yakabaki hapo. Alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Na mimi nikateremsha macho kuangalia alichokuwa anakiangalia, nikaiona kwa mara ya kwanza vilevile.

"Lakini," alisema polepole, "lori huwa halikondi."

Hakukusudia tusi. Ilikuwa hesabu yake ya kila siku, imemtoka tu. Nilitamani kumrushia kitu, bahati yake mikono yangu ilikuwa na kazi.

"Nitoe," Baba alimwambia. "Wewe. Yeye... abaki."

Wifi alizunguka nyuma yangu. Nilisikia mkono wa Baba ukiniachia shingo, na mikono ya wifi ikipita chini ya kwapa za mzee. Nikayaachia mapaja. Uzito ukanitoka mgongoni wote kwa mara moja, na mwili wangu uliokuwa umejizoesha kuinama ukasimama wenyewe hata kabla sijauambia. Nilihisi kama sakafu imeninyanyua.

Nyuma yangu wifi alitoa mlio.

"Mbona mzito hivi!"

Namba ilikuwa inacheza chini ya vidole vyangu. Tangu mizani ile ianze kuja kwetu sikuwahi kuisoma kwa macho yangu. Niliinama, hakuna aliyeanguka, nikasoma. Sitini na mbili.

Sikuhitaji Mama Kilo kunitolea. Sitini na mbili kwenye mia na kumi na nne, inabaki hamsini na mbili. Baba hakuwa amepoteza hata kipande cha mkate. Alikuwa vilevile alivyoletwa, tangu Jumamosi ya kwanza hadi hiyo, tundu lilelile. Kitanda cha kwanza kilikuwa halali yake. Huenda sasa angekuwa anatembea kwa fimbo na mimi niko kwenye meza yangu nasaga kingo, na mlango huo ulikuwa wazi muda wote, tumekaa nyuma yake tukinyoosheana vidole.

Kwanza niliona aibu, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu. Niliona aibu kwa kukonda mbele za watu bila kujua. Halafu nikamkumbuka yule wa dirisha la chini, "umependeza," nikataka kucheka, na badala ya kicheko yakaja machozi, nikayaacha yateremke kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu na sikujua niiweke wapi. Halafu ikaja hasira. Hiyo ilikaa.

"Jumatatu," Baba alisema nyuma yangu, akihema. "Utawaambia... ndiyo."

"Ndiyo, Baba. Nitawaambia." Sauti ya wifi ilikuwa imekatika katikati. Alikuwa amemkumbatia baba yake kwa nyuma, visigino vya mzee vinaburuza sakafuni. Kiti kilikuwa mbali, chumbani, karibu na dirisha. Nilimsikia akijaribu kumsogeza hatua moja, akashindwa, akajishikiza kwenye meza kwa nyonga.

"Wifi," aliniita. "Wifi yangu, tafadhali shuka unisaidie. Ananishinda."

Namba chini ya miguu yangu ilikuwa imetulia zamani, nyekundu, haichezi kabisa.

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Bado haijatulia."